Jeni si balbu, jamani

Nimeisikia tena, safari hii kahawani Ngamiani, Tanga, kashata bado mdomoni: “Daktari, si ukitoa jeni moja kwenye virusi umepunguza protini moja tu? Nyingine zinabaki palepale.” Aliyesema ni kijana anayesomea afya ya mifugo, si muuza kuku. Nilimaliza kikombe kwanza.

Mwanangu, virusi vya Mareksi, ugonjwa wa kuku unaoleta uvimbe wa saratani, ni ukoo wa herpesi. Jeni zake huamka kwa zamu: za mwanzo kabisa, za mapema, za mwisho. Ni shughuli ya pilau. Ukimtoa anayewasha moto, hakuna sufuria itakayochemka. Ukimtoa msambaza sahani, pilau litaiva vilevile. Kwa hiyo kwanza sema umemtoa nani. Hilo jepesi, tupite.

Kinachonikera ni hiki. Kwenye DNA ya herpesi jeni zimebanana kama nyumba za uchochoroni, ukuta mmoja kwa wawili. Kuna jeni zinazomalizia RNA zao, yaani nakala za kutengenezea protini, kwenye alama ileile ya mkia, pale RNA inapokatwa. Bomoa moja, jirani anapata ufa. Chukua meq, jeni ya saratani ya Mareksi. RNA yake mara nyingine huungwa na vipande vya jirani yake, vIL-8, ikatoka protini chotara. Sasa wewe umefuta vIL-8 nzima, chotara naye kaenda, halafu unaandika kwenye ripoti “hii ndiyo kazi ya vIL-8”. Una hakika gani? Afadhali ubadili herufi chache tu, protini isitoke lakini ukuta ubaki. Kisha rudisha jeni mahali pake uone kama tabia ya zamani inarudi. Asiyerudisha, mimi simsomi.

Meq yenyewe ina nakala mbili. Ukifuta moja, nyingine bado ipo kazini. Ukifuta zote, virusi bado huzaliana vizuri kwenye seli za maabara, ila kuku hapati uvimbe, maana Meq hushika DNA na kuziamrisha jeni za virusi na za kuku pia. Umeshangilia? Vifaranga wasio na kingamwili za mama bado wamesinyaa thaimasi na bursa, viungo vya kinga. Saratani imeondoka, kinga bado inaumia.

Nami nina mashaka yangu. RNA za jeni za mwisho zikishuka, sijui papo hapo kama zimekosa amri au virusi vinazaliana polepole tu. Niliwahi kuifurahia grafu yangu siku 2, hadi nilipoigawanya RNA kwa idadi ya nakala za DNA ya virusi. Tofauti yote ikayeyuka. Nilirudi Raskazone kimya.

“Kwa hiyo ile chanjo ya Mareksi ya kifaranga wa siku moja imekatwa jeni?” akauliza kijana. Hapana! Iliyozoeleka ni HVT, virusi vya bata mzinga, na HVT ya kawaida haijafutwa jeni hata moja. Kahawa ya pili alilipa yeye.