Maji ya tindikali ya migodini ni nini?

Ni maji yanayotoka mgodini au kwenye lundo la vifusi yakiwa na tindikali na metali zilizoyeyuka. Mgodi wenyewe huenda ulifungwa zamani, na mara nyingi hapo ndipo balaa linapoanza.

Okota jiwe kwenye kifusi cha mgodi wa dhahabu. Huenda ukaona vipande vya manjano vinavyong'aa, ukadhani umebahatika. Hiyo ni pairaiti, chuma kilichoungana na salfa. Igonge kwa nyundo: hutoa cheche na harufu kama ya kiberiti kilichowashwa. Ikiwa imefukiwa mbali na hewa, haina neno. Ikishavunjwa, ikapata hewa na maji kwa pamoja, huzaa tindikali ya salfa, ile ile ya betri za magari. Wapo na bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo, nao huiharakisha sana. Tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha shaba, zinki na arseniki kutoka kwenye mwamba.

Mgodi ukiwa kazini, pampu hutoa maji usiku na mchana. Zikizimwa, mashimo hujaa. Witwatersrand, ukanda wa dhahabu wa Johannesburg, umechimbwa tangu 1886, na mahandaki mengi yameungana chini kwa chini. Mwaka 2002 maji yalibubujika juu ya ardhi karibu na Krugersdorp na Randfontein, yakaingia kijito cha Tweelopiespruit. Yalikuwa na urani pia, metali yenye mionzi, maana mwamba wa huko una dhahabu na urani pamoja.

Yakichanganyika na maji safi ya mto, chuma hugeuka tope la rangi ya kutu linaloganda juu ya mawe, likafunika mayai ya samaki na wadudu wanaowalisha. Rangi hiyo hutisha, na ni heri itishe. Ninachohofia zaidi ni kule juu, jirani na mgodi, ambako chuma bado kimeyeyuka na maji huweza kuonekana maangavu kabisa. Mtoto mwenye kiu atainama anywe. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa metali haiondoki na mvuke.

Dawa iliyozoeleka ni chokaa. Randfontein na Germiston imejengwa mitambo ya kuichanganya na maji hayo: tindikali huisha makali, metali huzama, lakini salfati nyingi, chumvi itokanayo na tindikali hiyo, hubaki, na tope lazima litafutiwe mahali. Kampuni nyingi zilizochimba mwanzoni hazipo tena. Pairaiti ipo, na chokaa inanunuliwa kila mwaka.