Picha ipo, sauti haipo: acheni kunakili hda_verb.c ya jirani

"Prosesa ni moja, kwa hiyo nimechukua hda_verb.c ya ile mashine nyingine." Maneno haya nimeyachoka. Anayeyasema huwa ameshika laptopu aliyoitia mwenyewe coreboot, fimwea huria inayochukua nafasi ya BIOS ya kiwandani; hda_verb.c ni faili yake ya kuorodhesha pini za sauti. Televisheni inaonyesha picha safi, lakini kimya kama maji mtungini.

Kodeki (saketi ya sauti) ya HDMI ni ileile, sibishi. Kwenye Ivy Bridge, kizazi kimoja cha prosesa za Intel, ni 0x80862806, iko anwani ya 3, ina pini 0x05, 0x06 na 0x07. Ila kodeki haijui aliyeunda bodi ameunganisha soketi na pini ipi. Huyu HDMI yake iko kwenye ya kwanza, yule ana DisplayPort kwenye ya pili na hizo nyingine haziendi popote. Kazi ya faili ni kuyasema hayo tu, na ya jirani inasema ya kwake.

Humo, pini yenye thamani 0x18560010 maana yake hapa pana soketi. Geuza ile 1 ya mwanzo iwe 5, umeiambia Linux hapana kitu, na draiva inaipita pini hiyo. Kijana mmoja alinakili faili yenye 5 penye soketi yake ya pekee. Alikuja kwangu akiwa ameshanunua kebo mbili mpya.

Kabla hujafuta fimwea ya kiwandani, washa Linux usome /sys/class/sound/hwC0D3/init_pin_configs (kadi ikiwa ya pili, hwC1D3). Andika karatasini. Karatasini, si kwenye diski ya mashine unayokwenda kuichokonoa. Umeshachelewa? Jaribu thamani mpya kwa hdajackretask, programu ya Linux ya kubadili pini, kwanza; usiichome chipu (yaani kuiandikia fimwea upya) kila baada ya kubahatisha. Tena hesabu mistari ya hda_verb.c: ukiongeza mmoja kwenye sehemu ya Realtek (kodeki ya spika) bila kupandisha idadi iliyoandikwa humo, sehemu ya HDMI inayofuata haitaonekana.

Eti coreboot ndiyo inayopiga sauti. Haipigi. Inaandika pini, inaondoka. Linalobaki ni la draiva.

Eti kosa ni libgfxinit ya coreboot, irudishwe VBIOS (programu ya kiwandani ya kuwasha skrini). Libgfxinit inawasha skrini hadi i915, draiva ya picha ya Linux, ishike usukani. Orodha ya pini ni jambo jingine.

Eti kuna menyu ya kubadilishia. Jedwali hili hukompailiwa ndani: unahariri, unajenga upya, unachoma.

Na VGA yenyewe haipitishi sauti, hata ungeniletea kebo ya dhahabu.

Kabla ya kuishtaki fimwea, fungua faili za eld# (skrini inavyojieleza kuhusu sauti) ndani ya /proc/asound/card0. Ukikuta monitor_present 1 na eld_valid 1, skrini imeshajitambulisha na pini yako iko sawa. Ingia alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, tafuta S/PDIF, bonyeza M. Mara nyingi ilikuwa imezimwa tu.