Mwanao wa sekondari na kozi za chuo: yajue haya kabla hujasaini fomu

Mwezi Machi, siku chache kabla ya tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu, mama mmoja mzaliwa wa Uvira aliingia ofisini kwangu na binti yake wa darasa la kumi. Fomu ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa mara nne. Ilikuwa imekaa kwenye droo ya jikoni tangu baada ya Krismasi. "Mwalimu," akaniuliza kabla hata ya kuketi, "kwa nini mnataka kumtoa mtoto wangu shule wakati hajamaliza?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Barua ya shule ilikuwa ya Kiingereza, binti ndiye aliyemtafsiria, na alichoweza kusema ni kwamba "wanataka niende chuo". Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo cha jamii (community college) hapa Ohio, Marekani. Kila mwaka nakutana na wazazi wanaozungumza Kiswahili, Wakongomani, Warundi, Wasomali waliokulia Dadaab na Kakuma, ambao barua kama hiyo iliwapita hivihivi. Naandika ili isiwapite tena.

Hakuna anayetolewa shule. Mpango huu unaitwa College Credit Plus. Ulianza hapa Ohio mwaka wa masomo 2015–16, na unamruhusu mwanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12 kusoma kozi za chuo huku akibaki mwanafunzi wa shule yake na kuhitimu pamoja na wenzake. Kozi nyingine zinafundishwa shuleni kwake na mwalimu aliyekubaliwa na chuo, nyingine anazifuata chuoni, nyingine kwa intaneti. Akifaulu, kozi hiyo moja inahesabiwa kote kuwili. Kozi ya krediti 3 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi, si mkopo) inayosomwa kwa muhula mmoja chuoni huhesabiwa sekondari kama somo la mwaka mzima. Kwa mtoto wa shule ya umma anayesoma katika chuo cha umma, mzazi halipi ada wala hanunui vitabu. Shahada ya kwanza huhitaji krediti 120 hivi. Kwa hiyo anayemaliza sekondari akiwa na krediti 30 zinazokubalika ameshauvuka mwaka wa kwanza bila mkopo hata wa dola moja.

Walioko majimbo mengine nao wana mipango yao. Minnesota ilitangulia mwaka 1985, Washington ina Running Start, na Texas tangu 2023 ina mpango wa FAST unaowasomesha bure, katika vyuo vinavyoshiriki, watoto wanaostahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu. Kuna majimbo ambako mzazi huchangia ada, kwa hiyo ulizeni kwanza. Nchi nzima, mwaka wa masomo 2022–23, wanafunzi wa sekondari wapatao milioni 2.5 walisoma angalau kozi moja ya chuo. Natamani watoto wetu wawe wengi zaidi ndani ya hesabu hiyo.

Lakini kuna jambo linaloniuma, na hilo ndilo hasa lililonikalisha chini kuandika. Wengi wetu tumetoka kwenye shule ambako mtihani wa mwisho ndio unaoamua. Mtanzania ana kidato cha nne na cha sita, Mkongomani ana Exetat yake. Mtoto anaweza kuyumba miezi mingi, akazinduka mwishoni, akakesha, akafaulu, na hakuna atakayemuuliza aliyumba lini. Chuo cha Marekani hakiendi hivyo. Kila kozi ina alama yake, alama inaandikwa kwenye transkripti ya chuo, yaani rekodi rasmi ya alama, na inabaki humo. F, yaani alama ya kufeli, aliyoipata akiwa na miaka 15 atakutana nayo akiwa na miaka 18, siku anapoomba nafasi ya uuguzi.

Nimekaa na kijana aliyeacha kuhudhuria kemia mwezi Oktoba kwa sababu ilimzidi. Aliamini kwamba ukiacha kwenda darasani umeshajitoa. Jina lake lilibaki kwenye orodha hadi Desemba, akapewa F. Angejaza fomu ya kujitoa kabla ya tarehe iliyowekwa, angepata W, alama ya kujitoa, ambayo haishushi GPA, yaani wastani wa alama zake. Na angejitoa katika siku za mwanzo kabisa za muhula, kozi isingeonekana popote. Miaka miwili baadaye alipoomba msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho, F ile ilikuwa inamsubiri. Vyuo vingi hutaka mwanafunzi awe na GPA ya 2.0 na awe amefaulu walau asilimia 67 ya krediti zote alizojiandikisha, na zile za wakati wa sekondari zimo. Hata W nayo inaingia katika hesabu hiyo ya asilimia, kwa hiyo isigeuzwe mazoea. Hapa Ohio kuna la zaidi: mtoto akifeli, wilaya ya shule inaweza kumdai mzazi gharama ya kozi, ingawa familia zilizotambuliwa kuwa za kipato cha chini hazidaiwi isipokuwa mtoto amefukuzwa shule.

Yule binti na mama yake niliwachukulia karatasi ya kalenda ya muhula. Tukazungushia kwa kalamu nyekundu tarehe tatu: siku ya mwisho ya kuacha kozi bila alama yoyote, siku ya mwisho ya kujitoa kwa W, na wiki ya mitihani. Mama akasema ataibandika kwenye friji.

Kisha nikamweleza jambo ambalo huwashtua wazazi wote. Mtoto akishaandikishwa chuoni, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, FERPA, inampa yeye mwenyewe haki juu ya kumbukumbu zake za chuo, hata kama ana miaka 14. Ukinipigia simu kuniuliza anaendeleaje, siwezi kukujibu hivihivi, na usione nimekudharau. Kuna njia mbili. Mtoto asaini fomu ya ruhusa chuoni, au wewe uulize shule yake ya sekondari, maana huko haki bado ni zako mpaka atimize miaka 18, na chuo kinaruhusiwa kuipelekea shule hiyo alama zake. Vilevile, kama mwanao ana mpango maalumu wa masomo shuleni, ule wanaouita IEP, chuo hakiufuati. Lazima yeye aende ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu na kuomba msaada upya.

Aanze na kozi gani? Nasema bila kusita: moja, na iwe ile itakayokubalika kokote. Uandishi wa Kiingereza wa mwaka wa kwanza, au takwimu. Kozi zilizo ndani ya mpango wa Ohio Transfer 36 zinapokelewa na vyuo vikuu vyote vya umma vya jimbo hili. Chuo binafsi au cha jimbo jingine kinaweza kuzikataa. Watoto wetu wengi wanataka uuguzi, na hapo huwaomba wapunguze haraka. Anatomia na fiziolojia ndizo alama zinazotazamwa sana wakati wa kuchagua wanafunzi. Kuisoma kozi hiyo darasa la kumi na moja, Kiingereza cha vitabu bado kinasumbua, ni kuhatarisha mlango wenyewe unaotaka kuufungua. Kozi ya krediti 3 inahitaji saa 3 darasani na saa kama 6 za kusoma nyumbani kila wiki. Binti anayepika, anayelea wadogo zake na anayeenda na mama hospitali kutafsiri, hizo saa 6 atazitoa wapi? Hilo mzazi ndiye wa kulijibu, si mimi.

Kwa mtoto ambaye bado anasitasita, AP (Advanced Placement), kozi za kiwango cha chuo zinazofundishwa sekondari, inaweza kufaa zaidi. Anasoma shuleni kwake, anafanya mtihani mwezi Mei, anapewa alama ya 1 hadi 5, na vyuo vingi hutoa krediti kuanzia 3. Akipata 1 au 2, transkripti ya chuo inabaki safi.

Mama yule alisaini siku ileile, kwa kozi moja ya uandishi.

Shule za umma Ohio zinataka fomu ya nia ya kushiriki iwe imefika ifikapo 1 Aprili kwa mwaka wa masomo unaofuata, au 1 Novemba kwa muhula wa Januari. Ukichelewa, unahitaji idhini ya mkuu wa shule. Kabla ya hapo omba kikao na kaunsela, na usimfanye mwanao mkalimani. Shule inayopokea fedha za shirikisho inawajibika kukuletea mkalimani bila malipo. Piga simu mapema, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na utaje siku ambayo kazini kwako watakuruhusu.