Kuchomoa betri hakukupitishi kwenye kipimo cha moshi

Wiki hii kaja tena kaka mmoja na Camry yake, karatasi ya ukaguzi mkononi, kakasirika kwelikweli. "Fundi, taa ya cheki injini imezima. Nimechomoa betri usiku kucha, asubuhi nikaenda moja kwa moja kituoni. Wamenikatalia kwa lipi?" Wamekukatalia kwa hilohilo la kuchomoa betri. Nalisikia hili kwa Watanzania, Wakenya, Wakongo, na kila mmoja kaambiwa na mtu anayemwamini. Naliandika leo kwa kirefu, maana kulieleza kwenye simu nimechoka.

Hapa Texas ukaguzi wa usalama kwa magari ya kawaida ulifutwa Januari 1, 2025, wengi wakadhani na kipimo cha moshi kimekwenda nao. Hakijaenda. Kipo kwenye kaunti kubwa, Dallas, Tarrant, Collin, Denton, Harris, Travis na nyinginezo, kwa magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24. Na ingawa tunakiita cha moshi, mkaguzi hata hasogelei ekzosi. Anachomeka waya kwenye soketi ya OBD, yaani ya kuongea na kompyuta ya gari, chini ya dashibodi, gari linajieleza lenyewe. Anachotaka kujua ni kama taa ya cheki injini ni nzima, kama kompyuta imeiamuru iwake, na kama monita zimekamilika.

Hilo la monita ndilo linalowaangusha watu. Monita ni majaribio ambayo kompyuta ya gari inajifanyia yenyewe ukiwa barabarani. Mengine yanafanyika muda wote injini ikiunguruma, kama lile la kukamata silinda inayomisi, yaani isiyounguza petroli yake sawasawa. Mengine yanangoja hali maalumu: ya masega (kile kisafisha moshi kwenye ekzosi), ya sensa za oksijeni na hita zake, ya EVAP (mfumo wa mvuke wa petroli). Ukichomoa betri, au ukibonyeza kufuta kwenye mashine ya kusomea makosa, kosa linafutika, taa inazima, na matokeo ya majaribio hayo yanafutika pamoja nalo. Mwanafunzi akifuta majibu yote kwenye karatasi yake, mwalimu hawezi kumpa mia kwa sababu hakuna kosa linaloonekana. Kwa gari la 2001 na kuendelea, inaruhusiwa monita moja tu isiyokamilika. Wewe umefika hapo zote kubwa hazijakamilika, halafu unamlaumu mkaguzi.

Ndugu zetu wa California wana kizuizi kingine. Tangu Julai 2019 kule wanaangalia pia kodi za kudumu, yaani namba za makosa ambazo kompyuta ya gari inazihifadhi, kwenye magari ya kuanzia 2010. Hizo hazifutiki kwa betri wala kwa mashine. Zinafutwa na kompyuta yenyewe ikishajiridhisha kwamba tatizo halipo tena.

Sasa EVAP, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza wiki nzima na fedha nyingi. Huu ni mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli usitoroke kwenye tenki. Unakamata hata tundu la nusu milimita. Mara nyingi kodi ikisema P0455 au P0456, yaani mvuke unavuja, naanza na mfuniko wa tenki. Toa mfuniko, geuza, pitisha kucha taratibu kwenye mpira wake kuzunguka duara lote. Ukihisi mkwaruzo au ufa mdogo kama unywele, nunua mfuniko mpya, na ununue wa kampuni ya gari lako. Ile ya bei poa inakaa kama imefunga kumbe haijafunga.

Jaribio la EVAP lina masharti. Tenki lisiwe tupu wala lisijae pomoni. Mimi nawaambia watu wakae kati ya robo na robo tatu. Gari lipoe usiku kucha. Kwenye Toyota nyingi jaribio linafanyika gari likiwa limezimwa, takribani saa tano baada ya kuegesha. Ukisikia kitu kinavuma nyuma ya gari usiku wa manane, ni pampu inajipima. Usitoke kwenda kuwasha gari kuona kuna nini, utaikatiza. Na tena magari mengi hayaanzi jaribio hili joto la nje likizidi nyuzi 35. Julai ya Dallas unaijua. Ndiyo maana nawasihi watu wasingoje wiki ya mwisho: ukaguzi unaruhusiwa hadi siku 90 kabla ya usajili kuisha. Zitumie.

Niseme pia jambo ambalo mwongozo hauwezi kukuambia. Kila kampuni ina maelekezo yake ya kuendesha ili monita zikamilike. Nimeyafuata neno kwa neno, na kuna magari yamegoma siku kadhaa, halafu yakakamilisha siku ambayo mwenyewe wala hakuwa akijaribu. Masharti yote nilikuwa nimeyatimiza. Maelezo ya kuniridhisha sina. Ninachoweza kukupa ni utaratibu unaofaulu mara nyingi: washa injini ikiwa baridi, iache dakika chache bila kukanyaga mafuta, ingia barabara kuu ukatembee mwendo mmoja wa maili 55 hadi 60 kwa saa kama robo saa, kisha achia mafuta gari lipungue lenyewe bila kukanyaga breki kwa nguvu. Maliza na mwendo wa mjini wenye kusimama na kuondoka. Egesha mpaka kesho, rudia. Safari fupi za kupeleka vyakula, dakika tano tano, hazikamilishi monita ya masega hata mwezi ukiisha.

Nimetaja masega, na najua wanaosema kule nyumbani mafundi wanayatoa gari linakuwa jepesi. Hapa kuyatoa ni kuvunja sheria ya nchi, na sensa ya nyuma itakusema. Sensa ya mbele inapanda na kushuka, ya nyuma inatakiwa itulie kwa sababu masega yameshasafisha. Zikianza kucheza pamoja, kodi ya P0420 hiyo, yaani masega hayasafishi vya kutosha. Ila nakuomba usikimbilie kununua masega kwa sababu tu ya kodi hiyo. Sikiliza kwanza kama ekzosi inavuja mbele ya sensa ya nyuma. Na kama injini inamisi, plagi na koili ndizo za kwanza, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungua ndani ya masega mpaka yanayeyuka. Ukiweka mapya bila kutibu hilo, utayachoma nayo. Masega ya bei rahisi yana platinamu, paladiamu na rodiamu kidogo, na nimeona kodi ikirudi baada ya miezi michache kwenye gari ambalo kila kitu kingine kilikuwa sawa. Kwa gari la zamani hilo linaniumiza kichwa: ya kampuni yanaweza kukaribia bei ya gari lenyewe, na sina jibu moja la kumpa kila mteja.

Oili na filta ya hewa badilisha kwa wakati wake. Chupa za dawa ya kumwaga kwenye tenki sijaona zikiponya masega yaliyokufa.

Nunua kile kisomeo kidogo cha OBD cha bluutuu, kiunganishe na simu, fungua ukurasa wa monita kabla ya kwenda kituoni. Zikiwa zimekamilika na taa haiwaki, nenda. Kitufe cha kufuta usikiguse. Na kama betri imekufa yenyewe au umebadilishiwa juzi, hesabu kwamba monita zimeanza upya: endesha kwanza wiki nzima, chungulia tena kwenye simu, ndipo upange siku ya ukaguzi.