Waliokaa kuchorwa: yanayosemwa juu yao na yaliyotokea

Kinyozi wangu ana picha ya Mona Lisa ukutani, kati ya kalenda ya mwaka juzi na bango la mitindo ya nywele. Siku moja nikiwa kwenye kiti nikamsikia akimweleza mteja mwingine kwamba yule mama hakuwahi kuwepo duniani, ni Leonardo da Vinci, mchoraji wake, alijichora mwenyewe akijifanya mwanamke. Mteja akaitikia kwa kichwa. Mimi wembe ulikuwa shingoni, nikanyamaza. Haya ndiyo majibu niliyoyameza siku ile, pamoja na mengine kuhusu dhana za aina hiyo juu ya watu wa picha na sanamu nyingine.

Dhana: Mona Lisa hajulikani ni nani.

Anajulikana vizuri tu. Ni Lisa Gherardini, mzaliwa wa Florence, mwaka 1479. Aliozwa akiwa na miaka 15 kwa Francesco del Giocondo, mfanyabiashara wa hariri, mgane aliyemzidi umri kwa mbali. Ndiyo maana Waitalia huiita picha ile La Gioconda. Hilo "Mona" wala si jina lake, ni mkato wa neno la heshima, kama sisi tunavyosema Bi. Kwa hiyo ni Bi Lisa, basi. Mwaka 2005 huko Heidelberg, Ujerumani, mtaalamu wa vitabu vya kale alikuta maneno yaliyoandikwa kwa mkono pembeni mwa ukurasa wa kitabu cha zamani. Mwandishi wake, Agostino Vespucci, karani wa serikali ya Florence, alidokeza Oktoba 1503 kwamba Leonardo yuko mbioni kuchora kichwa cha Lisa del Giocondo. Ushahidi wa mtu aliyekuwepo, tena mwenye tarehe.

Kinachonisikitisha ni kwamba picha haikuwahi kufika nyumbani kwa Bi Lisa. Leonardo aling'ang'ana nayo miaka na miaka, akaondoka nayo kwenda Ufaransa mwaka 1516, na ikaishia mikononi mwa Mfalme Francis I.

Dhana: Napoleon ndiye aliyeiiba Mona Lisa kutoka Italia.

Hili alilisema mwizi halisi wa picha hiyo, tena mahakamani. Vincenzo Peruggia, fundi vioo kutoka Italia, alikuwa miongoni mwa mafundi waliotengeneza makasha ya vioo ya kukinga picha pale Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Jumatatu ya tarehe 21 Agosti 1911, siku ambayo jumba lilifungwa kwa usafi, aliitoa picha ukutani akaondoka nayo. Kutwa nzima hakuna aliyeshtuka. Walinzi walidhani wapiga picha wameichukua kwa kazi zao. Aliyeuliza, kesho yake, ni mchoraji mmoja aliyekuja na brashi zake akakuta misumari mitupu.

Mshairi Apollinaire akashukiwa, akawekwa ndani siku kadhaa. Mchoraji Picasso naye akahojiwa, na roho haikuwa imetulia, maana kabatini kwake mlikuwa na visanamu viwili vilivyoibwa Louvre na mtu mwingine kabisa. Kumbe picha ilikuwa palepale Paris, chumbani kwa Peruggia, ndani ya sanduku lenye sakafu ya uongo. Ilikaa humo zaidi ya miaka miwili, hadi Desemba 1913 alipojaribu kuiuza Florence akanaswa. Alijitetea kwamba anarudisha mali ya Waitalia iliyoporwa na Napoleon. Kweli Napoleon aliwahi kuitundika chumbani kwake, lakini wakati huo ilikuwa mali ya Ufaransa kwa karibu miaka 300. Fundi wetu alifungwa miezi michache tu, na Waitalia wengi walimwona shujaa.

Wasanii na waandishi waliiheshimu picha hiyo tangu zamani. Mtu wa kawaida alianza kuitambua sura yake magazetini, ilipokuwa haipo. Watu walipanga foleni Louvre kwenda kutazama ukuta mtupu.

Dhana: Msichana mwenye hereni ya lulu alikuwa dada wa kazi wa Vermeer, mchoraji Mholanzi.

Hiyo ni hadithi ya riwaya iliyotoka mwaka 1999. Picha yenyewe ni ya aina ambayo Waholanzi walichora kuonyesha sura au vazi fulani, na haikukusudiwa kuwa picha ya mtu kwa jina lake. Mwaka 1881 iliuzwa mnadani The Hague kwa gulden 2 na senti 30. Tuendelee.

Dhana: Olympia, picha ya Mfaransa Manet, iliwaudhi watu kwa sababu ya uchi.

Uchi! Paris ya wakati ule ilijaa picha za wanawake uchi, na wazee wa kofia ndefu walizitazama mchana kweupe wakiwa na wake zao pembeni. Mwaka 1863 Napoleon III, mtawala wa Ufaransa wa wakati huo, mwenyewe alinunua Venus ya mchoraji Cabanel, mwanamke asiye na hata uzi, amejilaza juu ya mawimbi. Lakini huyo alikuwa mungu wa hadithi za kale, kwa hiyo halali kutazamwa. Olympia, aliyeonyeshwa mwaka 1865, hakuwa mungu wa mtu yeyote. Alikuwa kahaba wa Paris ya mwaka uleule: utepe mweusi shingoni, ndara moja imemvuka mguuni, shada la maua limeletwa likiwa bado kwenye karatasi yake. Halafu anakutazama usoni, kavu, kama anayengoja useme una kiasi gani. Anayesimama mbele ya picha ndiye mteja. Hilo ndilo lililowachoma wale mabwana. Ilibidi picha iwekewe walinzi, na mwishowe ikapandishwa juu kabisa ukutani, mahali ambapo bakora na miavuli haingeifikia.

Aliyekaa kuchorwa ni Victorine Meurent, naye akabandikwa yale aliyoyaigiza. Kwa miaka mingi aliandikwa kuwa malaya mlevi aliyekufa mapema kwa ulevi wake. Victorine alikuwa mchoraji. Mwaka 1876 maonyesho rasmi ya Paris yalipokea picha aliyojichora mwenyewe, na mwaka huohuo yakazikataa kazi za Manet. (Natamani ningeuona uso wa Manet siku hiyo.) Mwaka 1903 aliingizwa katika chama cha wasanii wa Ufaransa, na alifariki mwaka 1927 huko Colombes, karibu na Paris, akiwa na miaka 83. Manet alikuwa kaburini kwa miaka 44.

Na yule mwanamke mweusi anayeshika maua? Wengi humpita kama pazia. Aliitwa Laure. Manet aliandika kwenye daftari lake: Laure, mweusi mzuri sana, mtaa wa Vintimille namba 11, ghorofa ya tatu. Anwani tunayo, jina la ukoo hakuandika. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris, lilifanya maonyesho kuhusu watu weusi waliochorwa na wasanii wa Ufaransa, na kwa muda huo picha ikapewa jina la Laure. Maonyesho yalipokwisha, ikarudi kuwa Olympia.

Dhana: Madame X aliharibiwa maisha na mkanda wa gauni.

Madame X ni Virginie Gautreau, mzaliwa wa New Orleans aliyekulia Paris. Hakuomba kuchorwa. Mchoraji Sargent ndiye aliyembembeleza. Picha ilipotundikwa mwaka 1884, mkanda mmoja wa gauni ulikuwa umeteleza begani, na jiji likazomea. Mama yake alikwenda kwa mchoraji akilia, akimtaka aitoe. Sargent alikataa, ila baadaye aliurudisha mkanda juu kwa brashi. Aliyehama mji ni yeye Sargent, akaenda London. Bibi huyo alibaki Paris, na mwaka 1891 akachorwa na Gustave Courtois, mkanda ukiwa umeteleza vilevile. Zogo lile halikurudi. Sargent aliiuza picha yake kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mwaka 1916, mwaka mmoja baada ya mwanamke huyo kufariki, akaomba jina la bibi huyo lisitajwe. Ndipo hiyo X ikabaki.

Dhana: Sanamu ya shaba ya mchezaji mdogo wa baleti, kazi ya msanii Mfaransa Degas, ni sura halisi ya msichana yule.

Hapa pana makosa mawili kwa mkupuo. Kwanza, Degas hakuwahi kuitoa kwa shaba. Aliyoionyesha Paris mwaka 1881 ilikuwa ya nta, yenye nywele za kweli, bodisi ya kitambaa, sketi ya wavu, viatu vya kuchezea, na utepe nyuma ya kichwa. Iliwekwa ndani ya kasha la kioo. Nakala za shaba ziliagizwa na warithi wake baada ya kifo chake cha mwaka 1917. Ile ya nta iko Washington. Wataalamu walipoipiga eksirei waliona waya, kamba, na mikononi mipini ya brashi za kuchorea. Jamaa alichukua chochote kilichokuwa karibu.

Pili, ile sura. Msichana huyo, Marie van Goethem, alikuwa na asili ya Ubelgiji, mama yake dobi, na alikuwa mwanafunzi wa baleti kwenye Opera ya Paris. Wanafunzi hao waliitwa panya wadogo. Nyuma ya jukwaa matajiri wenye tiketi za msimu waliruhusiwa kuingia kuwachagua wasichana, na kila mtu alijua. Umtazame: mikono imeshikana nyuma, kidevu juu, macho nusu yamefumbwa, soksi zimekunjamana magotini. Wahakiki walimwita nyani. Wengine wakasema mahali pake ni kwenye makumbusho ya wanyama. Lakini katika michoro ya awali ya Degas uso ni laini zaidi. Kwenye nta aliuinamisha mteremko wa paji la uso na kuitokeza taya, kwa mtindo wa wale walioamini kwamba uhalifu husomeka kwenye fuvu. Katika maonyesho yaleyale alitundika pia sura za wahalifu alizozichora mahakamani. Marie alitukanwa kwa uso ambao nusu yake haukuwa wake.

Mwaka uliofuata Opera ilimfukuza kwa kukosa mazoezi. Dada yake mkubwa, Antoinette, alifungwa mwaka huohuo kwa kumwibia mwanaume pesa. Mwaka 2022 nakala moja ya shaba iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 41. Aliyedumu Opera ni mdogo wao, Louise-Joséphine: alicheza miaka mingi, kisha akawa mwalimu, akiwafundisha wasichana wengine kusimama hivyohivyo, kidevu juu.