Kihami joto, ukungu na ukuta wenye uwazi katikati

Ukungu mweusi ukijitokeza kwenye pembe ya chumba miezi michache baada ya uwazi ulio katikati ya ukuta kujazwa kihami joto (pamba au kitu kama hicho cha kuzuia joto lisipotee), lawama zote huangukia kihami. Pengine ni haki. Lakini mara nyingi kihami kimeingia kwenye nyumba ambayo mvuke wake tayari haukuwa na pa kutokea, kwa hiyo mimi huanza na hewa kabla sijagusa ukuta.

Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, uwezo huo hushuka hadi gramu 9 na kidogo. Sasa chukua chumba cha nyuzi 20 chenye unyevu wa asilimia 60, yaani asilimia 60 ya mvuke ambao hewa hiyo inaweza kubeba. Hewa yake ina gramu 10 hivi, na ikigusa ukuta wa nyuzi 12 matone huanza kutokea. Ukungu, hata hivyo, hausubiri matone. Unyevu wa hewa inayogusa ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 kwa siku kadhaa, unautosha, na katika chumba hicho hali hiyo hufikiwa ukuta ukiwa na nyuzi 15 na nusu tu. Ndiyo sababu mtu anapapasa ukuta, anaukuta mkavu, na ukungu anauona.

Kihami kikijazwa vizuri huupasha joto ukuta wa ndani, na hilo hupunguza ukungu. Tatizo ni pale kisipofika: chini ya dirisha, juu ya linta (boriti ya juu ya dirisha au mlango), sehemu ya juu kabisa karibu na paa, au pale pamba iliposhuka na kuacha pengo. Sehemu hizo hubaki baridi huku mvuke wa nyumba ukiwa uleule. Ukiona doa la ukungu lenye mpaka ulionyooka kana kwamba limepigwa rula, shuku pengo. Kamera ya joto italionyesha, mradi upige picha asubuhi na mapema nje kukiwa na baridi kuliko ndani kwa angalau nyuzi 10. Ukuta uliopigwa na jua hudanganya.

Aina ya pili ya kosa ni maji ya mvua. Uwazi kati ya kuta mbili, kwa kawaida milimita 50 au zaidi, uliachwa makusudi ili maji yanayopenya tofali za nje yatiririke chini na kutokea kwenye vitundu vya chini. Vyuma vinavyoshikanisha kuta hizo vina mkunjo katikati ili tone lidondoke lisivuke. Mjenzi mzembe akiacha kitonge cha udongo wa saruji juu ya chuma kimoja, tone hupata daraja. Kabla ya kujaza, kitonge hicho huenda kilileta doa dogo linalokauka lenyewe. Baada ya kujaza, hewa ya kulikausha haipo tena. Kwa ukuta unaopigwa na mvua ya upepo, wenye mapengo kwenye viungo vya tofali, mimi singejaza hata kwa bure mpaka viungo vizibwe upya. Toboa tundu dogo kwenye kiungo, ingiza kamera ya waya, tazama vyuma na sakafu ya uwazi. Kifusi kikipita usawa wa DPC (tabaka la chini ya ukuta linalozuia unyevu wa ardhini kupanda), kitoe kwanza.

Kutofautisha mvuke wa ndani na maji ya ukutani, bandika kipande cha karatasi ya aluminiamu juu ya plasta iliyofutwa ikakauka, ziba kingo zote kwa utepe, acha saa 48. Upande unaotazama chumba ukilowa, ni mvuke. Ukilowa upande wa nyuma, maji yanatoka ukutani. Kipimo cha unyevu cha pini mbili peke yake usikiamini: chumvi kwenye plasta hukifanya kisome unyevu usiokuwepo.

Kuhusu kutoa hewa, hesabu ni rahisi. Familia ya watu wanne hutoa kama lita 10 za maji kwa siku kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Hewa ya nje ya nyuzi 5, hata mvua ikinyesha, ina gramu zisizozidi 7. Ikipashwa joto hadi nyuzi 20 unyevu wake huwa chini ya asilimia 40. Kwa hiyo kufungua dirisha siku ya mvua na baridi hukausha nyumba. Penye joto na unyevunyevu mambo hugeuka: hewa ya nje ikiingia chumba chenye kiyoyozi huja kulowesha.

Feni ya bafuni ivute lita 15 kwa sekunde, ya juu ya jiko lita 30, na ile ya bafuni iendelee dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga. Bila upenyo wa milimita 10 chini ya mlango, feni huunguruma bure. Kagua pia bomba lake: la kukunjika likilegea katikati, maji hujikusanya pale na kuziba njia. Na kabla ya kujaza ukuta, hakikisha matofali ya matundu yanayopitisha hewa chini ya sakafu ya mbao yamewekewa mabomba mafupi yanayovuka uwazi. Yakizibwa, mbao huoza kimyakimya.

Ukuta uliolowa hukauka kwa takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, chanzo kikishaondolewa. Rangi isiyopitisha mvuke isipakwe kabla ya hapo.