Karibuni tena darasani, wahasibu watarajiwa

Mabasi ya mikoani yameanza kuwashusha. Ukipita stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri utawaona: begi la nguo begani, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo yenye mfuniko, na kiroba cha mchele ambacho mama amesisitiza kisiachwe nyumbani. Karibuni. Chuo bila wanafunzi ni majengo tu, na sisi walimu tumekuwa tukipishana kwenye korido tupu tukiwasubiri.

Nafundisha uhasibu wa fedha, na makala haya nayaandika kwa ajili ya wanafunzi wa fani za kitaaluma, hasa wa kwetu uhasibu, pamoja na wazazi wanaowalipia. Kila muhula ukifunguliwa naingia darasa lenye majina mia mbili kwenye orodha na kukuta watu arobaini. Wengine bado wako njiani, wengine wanasubiri boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, na wengine wameambiwa na waliowatangulia kwamba wiki ya kwanza walimu hawafundishi. Mimi nafundisha, na wenzangu wengi wanafundisha. Zaidi ya hapo, wiki hiyo ina hesabu yake.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Mwaka wa masomo una krediti 120, kwa hiyo muhula mmoja una 60, yaani saa 600. Zigawanye kwa wiki 15 upate saa 40 kwa wiki, karibu sawa na muda ambao mtu mwenye ajira anautumikia kazini. Vipindi vya darasani ni sehemu tu ya saa hizo. Zilizobaki ni zako, za maktaba, za semina, za kukaa na swali mpaka litoke. Aliyekosa wiki mbili za mwanzo ana saa zilezile 600 za kuzibana ndani ya wiki 13, kama saa 46 kila wiki. Aliyekosa nne anahitaji karibu saa 55, na sijaona mwanafunzi anayezimudu kwa muda mrefu. Kinachotokea ni kwamba anaacha kitu. Kwa kawaida anaacha mazoezi, na uhasibu bila mazoezi ni hadithi ya kusimuliwa.

Kwa nini nang'ang'ania mwanzo? Nilijifunza kwa shida, kazini, siyo chuoni. Nilikuwa kijana katika ajira yangu ya kwanza, nimekabidhiwa usuluhisho wa benki wa mwisho wa mwezi: kulinganisha salio la daftari la fedha na salio la taarifa ya benki, kisha kueleza kila tofauti. Nilipanga hundi ambazo hazijawasilishwa, nikaingiza makato ya benki, nikaweka fedha zilizopelekwa siku ya mwisho. Ikabaki tofauti ya shilingi 27,000. Nilikaa nayo siku mbili. Nilitafuta muamala wa 27,000 kila mahali, nikapekua vocha za malipo moja moja, haupo. Nilifikia hatua ya kuwaza kuongeza fedha zangu mfukoni ili nilale.

Mama mmoja mtunza fedha, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, akaniangalia jioni ya siku ya pili akaniuliza, "Mwanangu, umegawanya kwa tisa?"

Sikuwa nimegawanya kwa chochote. Akachukua kikokotoo changu: 27,000 kwa 9 ni 3,000, bila kubaki kitu. Akanieleza kwamba mtu akigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti inayotokea hugawanyika kwa tisa siku zote. Halafu jibu lenyewe hukuonyesha pa kutazama. Ile 3 iliyopo kwenye elfu ilimaanisha tutafute namba ambayo tarakimu yake ya elfu na ya makumi elfu zimepishana kwa tatu: 14 na 41, 25 na 52, 36 na 63. Tuliipata ndani ya dakika kumi. Vocha ya mafuta ya jenereta ilikuwa ya shilingi 36,000, na benki ililipa hundi ya 36,000. Mkono wangu kwenye daftari la fedha uliandika 63,000.

Tarehe ya vocha ile sijaisahau. Ilikuwa tarehe 3 ya mwezi. Kosa lilifanyika siku ya tatu, nikaliona siku ya thelathini, na katikati nilikuwa nimejumlisha juu yake kurasa kumi na moja. Laiti ningekagua daftari kila Ijumaa, lingenigharimu dakika mbili.

Kanuni ya tisa tunaifundisha, na ukiielewa ni rahisi. Namba yenye tarakimu a na b ni kumi mara a jumlisha b. Ukiigeuza inakuwa kumi mara b jumlisha a. Toa ya pili kwenye ya kwanza, inabaki tisa mara tofauti ya a na b. Ila isikupumbaze: tofauti inayogawanyika kwa tisa inaweza pia kuwa makosa mawili yaliyokutana, kwa hiyo ni fununu ya pa kuanzia, ushahidi ni vocha.

Mambo ya muhula huenda kama lile daftari. Katika vyuo vyetu vingi mtihani wa mwisho, UE, una alama 60, na alama 40 zinakusanywa humo njiani: majaribio, kazi za mtu mmoja mmoja, kazi za makundi. Hizo mnaziita koziweki. Baadhi ya vyuo vinataka uwe na angalau 16 kati ya 40 ndipo uruhusiwe kuingia kwenye UE. Soma kanuni za chuo chako wiki hii, usingoje kuzisikia kwenye foleni ya malalamiko. Wiki ya kumi na mbili ofisi yangu hujaa vijana wenye 11, wenye 13, wanaoomba "kazi ya ziada, mwalimu". Naumia kuwajibu, kwa sababu jibu ni hapana, na kwa sababu wengi wao wana akili nzuri. Walichokosa ni jaribio la kwanza, lile la wiki ya nne, walilolichukulia kama la majaribio kweli.

Nigusie kazi za makundi. Kundi la watu kumi, wawili wanafanya, mmoja anachapa, saba wanatuma majina na namba za usajili kwenye WhatsApp. Mnaona mnasaidiana. Lakini mhasibu husaini. Mwisho wa kazi yake kuna saini yake, na kuna mtu, benki, mkopeshaji, mjane mwenye hisa kwenye ushirika, anayeiamini saini hiyo bila kumjua mwenyewe. Anayeweka jina lake kwenye kazi asiyoijua akiwa na miaka 21 anajizoeza jambo baya sana. Ninapoita kundi lieleze kazi yake mbele ya darasa, humchagua wa kueleza mimi mwenyewe. Mjiandae wote.

Akili mnemba nayo imeingia, na sitawaambia muikimbie. Iulizeni iwatungie maswali ya hundi zisizowasilishwa, fanyeni kwa mkono, kisha linganisheni. Ukiipa swali na kunakili jibu, umelipwa mshahara wa kazi ambayo hukuifanya, na chumba cha mtihani kitaudai.

Kuhusu madesa, yaani notsi zinazorithishwa na waliotangulia, nina ombi mahsusi. Kabla hujasoma desa la kurithi, tazama liliandikwa lini. Bado nakutana na madesa yanayofundisha mikataba ya upangaji kwa IAS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kilichopisha kipya, IFRS 16, tangu tarehe 1 Januari 2019. Kwa mpangaji hii siyo tofauti ya jina: chini ya IFRS 16 sehemu kubwa ya mikataba iliyokuwa ikionekana kama gharama ya kodi tu, sasa inaingia kwenye mizania kama haki ya kutumia mali upande mmoja na deni upande wa pili. Na kiwango kingine kiko njiani. IFRS 18 kilitolewa Aprili 2024 kuchukua nafasi ya IAS 1, na kinatumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 na kuendelea. Taarifa ya faida na hasara itapangwa kwa makundi, la uendeshaji, la uwekezaji na la ugharamiaji, na "faida ya uendeshaji" kwa mara ya kwanza itakuwa na maana moja ya lazima. Mpaka hapo kampuni mbili zingeweza kuchapisha maneno hayo mawili kwa hesabu zisizofanana. Ninyi wa mwaka wa kwanza na wa pili mtafanya kazi ndani ya kiwango hicho, pengine mkiwafundisha mabosi wenu.

Shahada yenyewe ni mlango wa kwanza. Wa pili unashikwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ambayo mitihani yake hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Fani nyingine zina milango yao: wanasheria wana Shule ya Sheria, wahandisi wana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wataalamu wa ununuzi na ugavi wana PSPTB. Mada za usuluhisho, za upangaji, za hesabu za makundi ya kampuni mnazozifanya muhula huu mtazikuta tena kwenye karatasi za Bodi. Hazitakuwa ngeni kwa aliyezielewa. Kwa aliyezikariri kwa ajili ya UE zitakuwa ngeni kabisa.

Sasa boom. Kiwango cha chakula na malazi cha Bodi ya Mikopo kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa siku 60 hiyo ni shilingi 600,000 zinazoingia kwa mkupuo, na kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili pamoja, rafiki wote wa zamani huanza kumpigia simu. Ukitoa 250,000 wiki ya kwanza kwa viatu na simu, zimebaki 350,000 za siku 53, kama 6,600 kwa siku. Humo kuna chai, chakula cha mchana, cha jioni, nauli, bando na kutoa kopi. Ndiyo maana wiki ya saba nakuta mtu amelala darasani, nikimuuliza anasema ni uchovu. Ni njaa.

Ushauri wangu ni wa kihasibu: ichukulie boom kama masurufu. Mtumishi wa serikali akipewa masurufu ya safari hurudi na stakabadhi ili kuyarejesha, na yasiyorejeshwa huwa hoja ya ukaguzi. Chukua daftari dogo la kurasa 40, andika kila kinachotoka, kila Jumapili jioni linganisha na salio la kwenye simu au benki. Tofauti ikigawanyika kwa tisa unajua pa kuanzia. Kumbuka pia kwamba fedha hizo ziko upande wa madeni: utakapoajiriwa, makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kwa waliorudi na sapu, yaani mtihani wa marudio, au wanaorudia somo, au walioahirisha mwaka kwa ugonjwa au kwa kujifungua: ninyi nawasubiri zaidi. Najua mnakaa nyuma, najua mnaogopa kuulizwa. Njooni ofisini wiki hii ya kwanza, tupange ratiba kwa penseli, mada kwa mada. Mliokwama kwa jambo lisilo la masomo, msiba, ada, uchungu wa moyo, nendeni kwa mshauri wa wanafunzi kabla alama hazijaanza kuporomoka. Mlango wake hauhitaji barua.

Wazazi, nawaomba mambo mawili. Mtoto akiomba ada, mwambieni atume kumbukumbu namba ya malipo kutoka kwenye mfumo wa chuo, na mlipe kwa hiyo. Mtu anayepiga simu akijiita mhasibu wa chuo na kutaka fedha kwenye namba yake binafsi ni tapeli. La pili, mkimpigia simu msiulize GPA tu. Muulizeni wiki hii amefanya swali gani, lilimshinda wapi. Hata kama hamjui debiti wala krediti, atakapowaeleza atajua kama ameelewa.

Kipindi changu cha kwanza ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitagawa taarifa moja ya benki na kurasa mbili za daftari la fedha la duka la vifaa vya ujenzi. Salio hazilingani, tofauti ni shilingi 45,000, na muamala wa 45,000 haupo popote. Njooni na kikokotoo na penseli.